Kengele iliyomgawia kila mgeni kipande chake: uchambuzi wa swichi ya ngoma katika nyumba moja ya Kigoma

Kengele inayochambuliwa hapa iko sebuleni kwa mzee mmoja, mstaafu wa bandari, ambaye nyumba yake ipo upande wa Bangwe mjini Kigoma. Aliinunua miaka mingi iliyopita kwa familia ya Wamarekani waliokuwa wakiuza vyombo vyao kabla ya kurejea kwao, na pamoja nayo alipewa transfoma ya kupunguza umeme kutoka volti 230 hadi 120, kwa kuwa vifaa vya majumbani vya Marekani hutengenezwa kwa volti hizo. Ina mabomba manne marefu ya shaba ya manjano yaliyoning'inizwa ukutani kwa kamba, koili nne za waya zilizopangwa karibu na vichwa vya mabomba hayo na, ndani ya kasha la bati lililo juu yake, swichi ya ngoma inayozungushwa na mota ndogo. Mgeni anapobonyeza kitufe cha mlangoni, hata akikiachia mara moja, noti nane zinatakiwa kupigwa kwa mpangilio wake hadi mwisho, kisha kengele inyamaze.

Malalamiko yalikuwa mawili. La kwanza ni kwamba wimbo haukuwa ukifika mwisho: mgeni mmoja angesikia noti tatu, mwingine mbili, na mara nyingi wimbo ulianzia mahali ambapo haukustahili kuanzia. La pili ni kwamba bomba mojawapo lilikuwa limepoteza mlio wake na kutoa kishindo kikavu tu. Mafundi wawili walikuwa wamekwisha kupita. Wa kwanza alibadilisha kitufe cha mlangoni, wa pili akabadilisha transfoma ndogo iliyo ndani ya kasha, na hali ikabaki ile ile, ndipo nikaitwa mimi. Wenye nyumba walikuwa wamejifunza kushikilia kitufe hadi wimbo uishe, lakini mgeni hajui hilo, na wengi waliishia kupiga hodi kwa sauti kama ilivyo desturi, jambo ambalo kwa kweli lilitosha kabisa kufungua mlango.

Ushahidi bora zaidi haukutoka kwenye mita ya fundi ya kupimia umeme. Ulitoka kwa mjukuu wa mzee, binti anayeimba kwaya na anayesoma solfa bila taabu, ambaye alikuwa ameandika nyuma ya daftari lake la hesabu kile ambacho wageni wa jioni moja, kabla bomba lile halijapoteza mlio, walisikia. Wa kwanza: do, mi, re. Wa pili: so ya chini, do. Wa tatu: re, mi, do. Niliposoma mistari hiyo mitatu kwa mfululizo niliuona wimbo mzima, noti nane, hakuna iliyopotea wala iliyorudiwa. Kila mgeni alikuwa akipewa kipande kilichoachwa na aliyemtangulia. Kabla ya kugusa bisibisi, kazi kubwa ya uchunguzi ilikuwa imekwisha kufanywa na mtoto wa sekondari.

Wimbo wenyewe unafahamika duniani kote kwa sababu ya saa ya mnara wa Bunge la Uingereza pale Westminster, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1859, ingawa asili yake ni kanisa la Great St Mary's mjini Cambridge, ambako mfumo huo wa milio ya robo saa ulianza kutumika mwaka 1793. Noti zake ni nne tu, ambazo kwa solfa ni do, re, mi na so ya chini, na hupangwa katika mafungu matano tofauti. Kengele ya mzee hutumia mawili kati ya hayo, yale yanayopigwa saa ya Westminster inapotimiza nusu saa: do mi re so, halafu do re mi do. Ukihesabu utaona kwamba do hupigwa mara tatu, re na mi mara mbili kila moja, na so mara moja tu. Hesabu hiyo ndogo itatusaidia tutakapofika kwenye uchakavu.

Sasa turudi ndani ya kasha. Mhimili mmoja umebeba ngoma ya plastiki ngumu, yenye ukubwa wa takriban kopo dogo la nyanya, na juu ya uso wake kuna njia nne, moja kwa kila bomba. Kwenye kila njia kuna nundu, na juu ya nundu hizo huteleza vidole vya bati jembamba vyenye ncha za kontakti. Nundu inapopita chini ya kidole hukiinua, kontakti zinagusana, umeme wa volti 16 unaingia kwenye koili ya bomba husika, na mchi wa chuma ulio ndani ya koili unavutwa kwa kasi na kwenda kulipiga bomba. Wazo la ngoma yenye nundu ni la kale kuliko umeme, kwani minara ya kengele ya Ulaya ilipigwa hivyo kwa karne nyingi kwa nyaya na wenzo, na kilichoongezwa na umeme ni kuondoa nyaya hizo za kuvuta. Mwaka 1831 Joseph Henry, akiwa Albany nchini Marekani, alikuwa tayari ameonyesha kengele inayogongwa kwa nguvu ya sumaku-umeme mwishoni mwa waya mrefu.

Upigaji wenyewe una ufundi ambao mtu asiyeujua anaweza kuuharibu kwa nia njema. Mchi hausukumwi na sumaku hadi kwenye bomba. Sumaku huuvuta kuelekea katikati ya koili, na kwa kuwa una mwendo, hupitiliza kidogo, hugonga, kisha hurudi na kutulia bila kuligusa bomba hata kama umeme bado upo. Nafasi ile ndogo kati ya ncha ya mchi na bomba ndiyo inayoliacha bomba liendelee kuimba. Mchi ukizidi urefu, au ukikwama mbele, bomba litagongwa na kushikwa kwa wakati mmoja, na utasikia kishindo tu. Bomba nalo lina sehemu zake ambazo hazitikisiki linapolia: kwa bomba au kibao cha unene mmoja, sehemu hizo mbili zipo kwenye takriban asilimia 22.4 ya urefu wake kutoka kila ncha, na ndiyo maana mtengenezaji hutoboa tundu la kamba hapo na si mahali pengine.

Sehemu iliyobeba kisa hiki, hata hivyo, iko mwishoni mwa ngoma, na ni rahisi kuipita bila kuiona. Pale kuna sahani ya duara yenye pengo moja tu, na juu yake hulala kidole cha tano ambacho hakihusiani na bomba lolote. Kengele ikiwa imetulia, kidole hicho kimeingia kwenye pengo na kontakti yake iko wazi. Mgeni akibonyeza kitufe, mota inapata umeme kupitia kitufe, ngoma inaanza kuzunguka, na baada ya mwendo mdogo sana pengo linapita, kidole kinapanda juu ya ukingo wa sahani na kontakti yake inafunga. Kuanzia hapo mota ina njia ya pili ya umeme, sambamba na kitufe, kwa hiyo mgeni anaweza kuondoa mkono wake wakati wowote. Ngoma itamaliza mzunguko mzima, pengo litarudi chini ya kidole, kontakti itafunguka na mota itasimama mahali ilipoanzia. Hii ndiyo kontakti ya kushikilia. Ikifa, mota inabaki na njia moja tu, ile ya kitufe, na ngoma husimama popote mkono wa mgeni unapoondoka.

Ndiyo maana daftari la binti lilitosha. Kama kasoro ingekuwa kwenye bomba, mchi, koili, waya au kidole cha re, noti ya re ingepotea kila inapotakiwa, yaani ya tatu na ya sita pamoja. Kama ingekuwa kwenye nundu moja iliyolika, ingepotea mahali pamoja tu, tuseme ya tatu, huku ya sita ikisikika vizuri. Wimbo unaokatika na kuendelea kwa mgeni anayefuata bila kupoteza noti yoyote unasema kwamba njia zote nne za noti zilikuwa nzima jioni ile, na kwamba ngoma haina anayeirudisha nyumbani. Jaribio la kuthibitisha lilikuwa rahisi: kitufe kiliposhikiliwa, mapigo yote manane yalikuja kwa mpangilio na wimbo ukaanza tena upya, kilipoachiwa, ngoma ilisimama papo hapo.

Nilipofungua kasha na kupima kontakti ya kushikilia ikiwa imefunga, mita haikutulia: mara wazi kabisa, mara makumi ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), wakati kontakti safi ya aina hiyo haipaswi kufika hata omu moja. Ncha zake za fedha zilikuwa nyeusi tii. Hapa pana jambo linalowashangaza wengi. Kontakti za koili, ambazo hubeba mkondo mkubwa na kutoa cheche kila zinapofunguka, zilikuwa zimechimbika lakini zinapitisha umeme vizuri. Ile ya do, inayofanya kazi mara tatu katika kila wimbo, ilikuwa na shimo la kuonekana kwa macho, na ile ya so ilikuwa karibu mpya. Kontakti ya kushikilia hubeba mkondo mdogo wa mota peke yake, haina cheche ya maana, na kwa sababu hiyo hiyo haina kinachochoma utando mweusi unaojengeka juu ya fedha kwa miaka. Cheche hula kontakti, lakini pia huisafisha. Kwenye kontakti ya mkondo mdogo adui ni utando, na utando huo hushinda kabisa pale bati la kidole linapochoka na kupunguza mgandamizo, kama lilivyokuwa limechoka hili.

Lalamiko la pili, lile la bomba lililokufa, lilionekana kuwa jambo tofauti, na nadhani ndiyo sababu fundi wa pili alilishughulikia peke yake. Bomba lilikuwa la re, na kishindo kilitoka mahali pote pawili pa re, kwa hiyo kasoro ilikuwa kwenye mchi, koili au bomba. Nilipoutoa mchi, ulitoka kwa shida, ukiwa na gamba la rangi ya kahawia nyekundu linalonata kama gundi. Msaidizi wa nyumba alieleza bila kusita kwamba wakati fulani, umeme ulipokuwa mdogo na re ikisikika hafifu, aliutia mafuta ya mawese. Kigoma mawese hayakosekani jikoni, na kwa bawaba ya mlango yangefaa kwa muda, lakini ndani ya koili hayana nafasi. Mchi wa kengele hufanya kazi ukiwa mkavu; mafuta ya aina yoyote hukusanya vumbi, na ya kula huganda.

Hata hivyo mawese peke yake yasingegeuka gamba gumu namna ile. Yalipikwa. Katika kengele hii koili hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye transfoma kupitia vidole vya ngoma, bila kupitia kitufe. Ngoma ikisimama katikati ya wimbo, na ikasimama huku nundu ya re ikiwa imekiinua kidole chake, koili ya re hubaki na umeme saa nzima, pengine usiku kucha, ilhali imetengenezwa kwa kazi ya sehemu ya sekunde. Mke wa mzee alikumbuka kwamba kulikuwa na mvumo ukutani jioni kadhaa na harufu ya kitu kinachoungua, ambayo walidhani ni ya jikoni. Karatasi ya kuzungushia koili zote nne ilikuwa imebadilika rangi, ya re zaidi ya zote. Na hali hujizidisha yenyewe: kwenye umeme wa kupindapinda, yaani unaogeuza mwelekeo mara nyingi kila sekunde kama huu wa majumbani, koili ambayo mchi wake haujaingia ndani hupitisha mkondo mkubwa kuliko ile ambayo mchi wake umeingia, kwa hiyo mchi uliokwama huongeza joto lililoukwamisha. Basi kishindo cha re kilikuwa mtoto wa kontakti ya kushikilia, na angesafisha mchi fundi yeyote bila kugusa kontakti ile, angeitwa tena baada ya muda mfupi.

Kwenye koili hiyo hiyo palikuwa na mguu mmoja wa diodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, umelehemiwa vizuri, na mguu wa pili umekatwa. Mafundi waliozoea rilei za magari, yaani swichi zinazoendeshwa na sumaku-umeme, huweka diodi sambamba na koili ili kumeza kishindo cha umeme koili inapozimwa, na kwenye umeme wa betri ni desturi njema. Kwenye umeme wa kupindapinda diodi hupitisha nusu moja ya kila wimbi moja kwa moja, ikiiruka koili, na transfoma huona njia hiyo kama shoti. Sina shaka kwamba diodi ile ndiyo iliyoiua transfoma ndogo ya awali, na kwamba aliyeiweka aliligundua hilo akakata mguu kimyakimya kabla ya kufunga nyingine. Kinachofaa hapa ni kapasita ya takriban mikrofaradi 0.1 ikifuatana na rezista ya omu 100, vyote viwili vikiwekwa sambamba na kontakti.

Kazi yenyewe haikuwa na mambo mengi. Ncha za kontakti ya kushikilia zilisafishwa kwa kipande cha karatasi ngumu iliyoloweshwa spiriti, bila msasa, kwa sababu msasa huacha mikwaruzo na punje zinazoharakisha uchafu kurudi. Kidole kilikunjwa kidogo kwenye shina lake ili kurudisha mgandamizo, kisha mita ikatulia chini ya omu moja. Kontakti ya do ililainishwa kwa tupa nyembamba. Mchi wa re na mrija wake viliondolewa gamba kwa spiriti hadi mchi ukawa unaanguka wenyewe kwa uzito wake, na hakuna tone la mafuta lililorudishwa. Kwenye mhimili wa ngoma tu, mbali na koili, ndipo grisi kidogo ilipopakwa.

Baada ya hapo mzee alisikiliza wimbo mzima mara kadhaa, akasema, "Fundi, inaimba, lakini inaimba kivivu." Alikuwa sahihi, na uvivu huo haukuwa ugonjwa. Mota ya ngoma ni ya aina inayofuata hezi za umeme, yaani idadi ya mawimbi yake kwa sekunde, sawa na mota za saa za ukutani za zamani, na ilitengenezwa kwa hezi 60 za Marekani. Transfoma ya kupunguza volti hupunguza volti peke yake. Hezi 50 zinazoingia ndizo hezi 50 zinazotoka. Mota basi huzunguka kwa sehemu tano za sita za mwendo wake, na wimbo uliokusudiwa kuisha kwa sekunde 5 huisha kwa sekunde 6. Mlio wa noti haushuki hata kidogo, tofauti na redio kaseti yenye betri dhaifu, kwa kuwa mlio umo ndani ya bomba na ngoma inaamua wakati tu. Mzee mwenyewe aliongeza kumbukumbu ambayo niliifurahia: zamani, Kigoma ilipokuwa ikitegemea jenereta za dizeli zilizo nje ya gridi ya taifa, kengele ilikuwa ikilegea zaidi nyakati fulani za jioni. Mtambo mdogo uliolemewa hupoteza kasi, hezi hushuka, na mota ya namna hii hushuka nazo.

Hezi pungufu zina gharama nyingine isiyosikika. Koili na transfoma za hezi 60 zikipewa volti zile zile kwa hezi 50 hubeba sumaku iliyozidi kwa asilimia 20, na nundu inayopita polepole huziacha zikiwa na umeme kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo hupata joto kuliko ilivyokusudiwa. Kwa kengele inayolia mara chache kwa siku si tatizo. Volti ndogo ni suala jingine na dalili zake ni nyingine: wimbo unakwenda kwa mwendo wake wa kawaida lakini noti zinakuwa dhaifu, kwa sababu nguvu ya kuvuta mchi hufuata mraba wa mkondo. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 190, karibu theluthi moja ya nguvu hiyo hupotea. Mwendo hukupa habari za hezi na ukali wa mlio hukupa habari za volti, na anayesikiliza vizuri hahitaji kuvichanganya.

Mtoto wa mzee alishauri kengele yote itolewe na badala yake ununuliwe ule mfumo mdogo wa betri usio na waya, wenye nyimbo chungu nzima, unaopatikana madukani Mwanga, hapa hapa Kigoma. Kwa nyumba nyingi ningekubaliana naye bila ubishi, maana swichi ya ngoma inadai mtu wa kuifungua na kuisafisha kila baada ya miaka kadhaa, na vipuri vyake havipo. Wazo lake la pili, la kugeuza umeme wa koili kuwa wa mkondo mnyoofu, kama wa betri, ili uachane na mvumo, nililikataa palepale: koili za mkondo wa kupindapinda huzuiwa zisipitishe mkondo mwingi na hali yenyewe ya kupinda, na ukiziondolea hali hiyo kwa volti zile zile zitaungua.

Wiki chache baadaye nilipigiwa simu. Umeme ulikuwa umekatika jioni wakati mgeni akiwa mlangoni, wimbo ukafia njiani, na uliporudi karibu na alfajiri kengele ikapiga noti tano zilizobaki pasipo mtu yeyote nje. Nyumba nzima iliamka na mlinzi akaizunguka akiwa na tochi. Nilimweleza mzee kwamba huo ndio uthibitisho kuwa kontakti ya kushikilia inafanya kazi: ngoma ilisimama nje ya pengo, kontakti ikiwa imefunga, na umeme uliporudi mota ilimaliza mzunguko wake. Inawezekana kuongeza rilei inayoachia umeme unapokatika ili ngoma isijiendeshe yenyewe, lakini kwa mpango huo kipande kilichobaki kingemsubiri mgeni wa kesho, na ngoma iliyosimama juu ya nundu ingeacha koili moja na umeme kuanzia pale umeme unaporudi hadi mtu abonyeze kitufe. Mzee alifikiri kidogo, akachagua kuamshwa.